Boma Linapohama: Laela, Bonde la Rukwa na Safari ya Mwananchi

Mazungumzo kwa wakazi wa kata za juu na kata za bondeni



Neno "boma" lina maana mbili. Ni jengo, na ni mamlaka yaliyomo ndani ya jengo hilo. Mtu husema ameitwa bomani hata kama ofisi anayoiendea ni chumba kimoja chenye meza, viti viwili na kabati la mafaili. Jengo linaweza kuhamishwa kwa siku chache: magari yakapakia samani, kibao kikang'olewa mahali pamoja na kusimikwa pengine. Mamlaka hayahami kwa kasi hiyo. Huchukua muda kabla mwananchi wa kijiji cha mbali hajaona kwamba kilichohama kimemsogelea yeye pia, au kabla hajagundua kwamba kimemwacha nyuma. Mazungumzo haya yanahusu mji mdogo wa Laela, ambao leo ndio makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, na yanahusu zaidi njia za kuufikia.

Boma la Ufipa halijapata kutulia mahali pamoja kwa muda mrefu. Kabla ya utawala wa kigeni, nyanda hizi zilikuwa na himaya mbili za watawala wa nasaba ya Watwa, Nkansi na Lyangalile. Kando yao kilikuwapo kijiji cha kale cha Milansi, ambacho mkuu wake alikuwa amekwisha kupoteza utawala wa nchi lakini akabaki na heshima ya mambo ya ibada na mizimu. Kwa hiyo hata enzi hizo mwenye shida alilazimika kwanza kujua shida yake ni ya nani, ndipo aanze safari. Jambo hilo litarudi mbele katika mazungumzo haya, maana halijabadilika sana.

Wajerumani waliweka kituo chao Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakapaita Bismarckburg. Walitazama ziwa, kwa sababu ziwa ndilo lililokuwa barabara yao: askari, barua na bidhaa vilikwenda kwa chombo cha majini. Waingereza walipoishika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliiita wilaya hiyo Ufipa, wakakaa kwanza Namanyere, baadaye wakahamia Sumbawanga, katikati ya uwanda wa juu, mahali penye baridi na upepo, ambapo jina lake wenyeji hulifasiri kuwa amri ya kuutupa uchawi. Kila mara boma lilipohama, walikuwapo watu waliolala usingizi wakiwa jirani wa Serikali na kuamka wakiwa mbali nayo. Kasanga ya leo ni bandari na kijiji cha wavuvi. Ukubwa wake wa zamani wa kiutawala umebaki katika historia.

Baada ya Uhuru mambo yaliendelea kupindukapinduka. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa chini ya mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Mkoa wa Rukwa ukazaliwa mwaka 1974 kwa kumega sehemu za mikoa ya Tabora na Mbeya. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mji wa Sumbawanga ulipopata mamlaka yake wenyewe, Halmashauri ya Wilaya ilibaki na ofisi zake mjini humo humo, ndani ya eneo ambalo si lake. Ikawa kama mpangaji katika nyumba ya jirani: analala humo, anapika humo, lakini shamba lake liko kwingine kabisa.

Kwa miaka mingi hali hiyo haikuonekana kuwa na kasoro, na haifai kuicheka. Sumbawanga palikuwa na benki, hospitali ya mkoa, soko, stendi ya mabasi na ofisi za mkoa. Mwananchi aliyetoka Muze kufuata barua ya halmashauri aliweza siku hiyo hiyo kuuza kuku wake, kununua dawa, kumwona mgonjwa wake na kulala kwa ndugu. Safari moja ilibeba shughuli tano. Wapangaji wa mambo ya utawala mara nyingi husahau hesabu hiyo, kwa kuwa wao huhesabu shughuli moja moja.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539 katika mkoa wote wa Rukwa, na kati yao 305,846 walikuwa wa Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Mwaka huo huo Kalambo ilikuwa imekwisha kutengwa kuwa wilaya yenye makao yake Matai. Kutengwa kwa Kalambo kuliwafaa sana watu wa upande wa Ziwa Tanganyika, ambao zamani walipaswa kufika Sumbawanga kwa kila jambo. Sumbawanga Vijijini yenyewe ilibaki na sehemu mbili zisizofanana hata kidogo: kata za uwanda wa juu, kama Mpui, Miangalua, Kaengesa na Laela, na kata za Bonde la Ziwa Rukwa, kama Muze, Mtowisa, Ilemba, Kaoze na Kipeta.

Mwaka 2019 Serikali iliagiza halmashauri za wilaya zilizokuwa na ofisi ndani ya miji na manispaa zihamie katika maeneo yao ya utawala. Sababu ilikuwa ya wazi na ni vigumu kuipinga. Mkurugenzi na wataalamu wake wakiishi mjini, mishahara yao inakula mjini, watoto wao wanasoma mjini, na barabara mbovu ya kijijini wanaiona siku ya ziara tu. Wakiishi Laela, bomba likikauka Laela linakauka na kwao.

Laela ulikuwa tayari mji mdogo wenye shughuli zake. Uko kando ya barabara kuu ya Tunduma hadi Sumbawanga, yapata kilomita 95 kutoka Sumbawanga. Barabara hiyo ilijengwa kwa kiwango cha lami kwa msaada wa Marekani kupitia mpango wa MCC. Wanaoikumbuka ilivyokuwa kabla ya hapo, wakati wa masika, hawahitaji kuelezwa maana ya lami. Magari ya mahindi, maharage na alizeti hupita Laela kwenda Tunduma na Mbeya. Kwa mkazi wa Miangalua au wa vijiji vinavyouzunguka mji huo, kuhama kwa makao makuu kulikuwa baraka iliyoonekana kwa macho: safari ya siku nzima iligeuka kuwa ya asubuhi moja.

Sasa itazamwe ramani kutoka upande wa pili. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko takriban mita 800. Kati ya viwango hivyo viwili kuna ukingo wa bonde, ukuta wa milima unaoporomoka kwa ghafla, ambao mito ya uwanda wa juu huushuka kwa kasi kuelekea ziwani. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji yakiingia huko yamefika mwisho wa safari yake. Barabara zinazounganisha juu na bondeni ni chache na zote hupambana na ukingo huo: ile ya Ntendo hadi Muze, ile ya Kalambanzite hadi Ilemba, na ile ya Miangalua hadi Chombe. Bondeni kwenyewe ipo njia inayofuata mguu wa milima kupitia Muze na Ilemba hadi Kilyamatundu, na njia hiyo hukatwa na kila mto unaoshuka.

Achukuliwe mkazi wa Kipeta. Kilyamatundu, katika kata hiyo, iko kando ya Mto Momba karibu na mahali unapoingia Ziwa Rukwa upande wa kusini. Ng'ambo ya mto ni Kamsamba, Mkoa wa Songwe. Daraja la Momba, lenye urefu wa mita 84, limeiunganisha mikoa hii kwa namna ambayo haikuwapo zamani, na leo mkazi wa Kilyamatundu anaweza kufikiria soko la Songwe bila kwanza kuutazama mto kama umejaa. Lakini halmashauri yake haiko ng'ambo. Iko Laela, juu ya ukingo. Akitaka kuifikia, ama apande kwa mojawapo ya njia za mlimani kama msimu unaruhusu, ama azunguke bonde lote hadi Muze, apande Ntendo, afike jirani na Sumbawanga, kisha ageuke kusini kwa kilomita nyingine karibu mia moja. Zamani safari yake ilikomea Sumbawanga. Kwa yule anayelazimika kupitia Ntendo, makao makuu kuhamia vijijini kumemaanisha kuyapita makao makuu ya zamani na kuendelea.

Hakuna haja ya kumtafuta mkosaji. Wilaya yenye umbo hili haina kitovu. Makao makuu yangewekwa bondeni, ni watu wa Laela na Mpui ambao wangeshuka mlima na kuupanda tena. Ndiyo maana si jambo la bahati kwamba Hospitali ya Wilaya ilijengwa Mtowisa, bondeni, wakati ofisi za halmashauri ziko juu. Huo ni mgawanyo wenye busara kuliko kurundika kila kitu mahali pamoja, kwani mjamzito mwenye uchungu hawezi kungojea mlima, na karatasi inaweza kungojea. Swali linalobaki ni moja: je, karatasi hiyo ni lazima ibebwe na mwenyewe?

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Kwa sehemu kubwa jibu ni hapana, na wananchi wengi wanapanda mlima kwa shauri ambalo sheria imelimaliza kijijini au katani, au kwa shauri ambalo Laela haina mamlaka nalo hata kidogo.

Lianze la pili, kwa kuwa ndilo linalopoteza nauli nyingi. Mtu mzima anayetaka cheti cha kuzaliwa mara nyingi huambiwa na jirani "nenda wilayani," naye akapanda gari la Laela. Usajili wa vizazi na vifo katika wilaya uko chini ya RITA, na shughuli zake hufanyika kupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, yaani katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ofisi hiyo iko Sumbawanga mjini, na Mkuu huyo mmoja huiangalia Manispaa na Halmashauri ya Wilaya pamoja. Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa Serikali Kuu. Mkurugenzi Mtendaji ni mtendaji wa Halmashauri. Mmoja yuko mjini na mwingine yuko Laela, na umbali wa kati yao ni zile kilomita 95. Anayewachanganya hulipa nauli mara mbili.

Vivyo hivyo kwa maji na barabara. Kisima cha kijiji kikiharibika, wengi humwendea Mkurugenzi. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wenye meneja wake wa wilaya, na mradi wa kijijini huendeshwa na chombo cha watumia maji ngazi ya jamii ambacho wananchi wenyewe huwachagua viongozi wake. Barabara za wilaya na za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS. Diwani bado ana haki na wajibu wa kuzisemea zote katika Baraza la Madiwani, lakini mwananchi anayefunga safari kumwona Mkurugenzi kuhusu kalavati la barabara ya mkoa atapokewa kwa heshima na kuelekezwa kwingine. Mzee mmoja wa Milansi ya kale angeielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Migogoro ya ardhi nayo ina njia yake. Baraza la Ardhi la Kijiji hupatanisha. Baraza la Kata, kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, halitoi tena hukumu katika mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kusonga mbele hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza hilo liko Sumbawanga. Shauri la mpaka wa shamba, tangu mwanzo hadi mwisho wake, linaweza lisipite Laela hata siku moja. Wapo wananchi waliokwenda Laela na mafaili ya migogoro kwa kuwa hakuna aliyewaambia sentensi hiyo.

Sasa yale yanayokamilika karibu na nyumbani. Hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huanzia kijijini: Halmashauri ya Kijiji hupokea maombi, na hati hutiwa saini na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji kabla ya kufika kwa afisa ardhi wa wilaya. Hatua hiyo ya mwisho ni kazi ya ofisi kwa ofisi. Mtendaji anaweza kuzikusanya hati ishirini na kuzipeleka pamoja. Kila mwenye shamba akipanda mlima na hati yake mkononi, zinakuwa nauli ishirini kwa saini za mtu mmoja.

Ndivyo ilivyo pia kwa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria imeigawa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ukarejeshwa mwaka uliofuata. Mlango wake wa kwanza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi cha akinamama wa Ilemba kinachotaka kufuga au kukamua alizeti hakina sababu ya kuanza kwa kutuma wajumbe watatu Laela "kuulizia." Wajumbe watatu kwa nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na malazi ya usiku mmoja au miwili katika nyumba ya wageni, ni sehemu ya mtaji iliyoliwa kabla ya mkopo kupatikana. Hata uandikishaji wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ulioanza msimu wa 2022/2023, uliwekwa mikononi mwa watendaji wa vijiji na vitongoji, na jambo hilo lilionyesha kwamba inapotakiwa kweli, kazi kubwa yenye orodha ndefu inaweza kufanyika chini ya mwembe.

Kizuizi basi ni nini? Sheria imejitosheleza. Mara nyingi kizuizi ni ofisi ya kata iliyofungwa. Mtendaji ameitwa kikaoni Laela. Afisa ugani amekwenda na pikipiki kijiji kingine. Muhuri umefungiwa kabatini na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliye safarini. Mwananchi akifika mara mbili akakuta kufuli, mara ya tatu hupanda gari na kwenda juu, na ana haki ya kufanya hivyo. Hapo hawezi kulaumiwa kwamba hajui utaratibu. Utaratibu anaujua, ni kufuli ndilo limemshinda. Tangazo dogo mlangoni, lenye siku na saa ambazo mtendaji atakuwapo, lingeokoa fedha nyingi zaidi kuliko inavyodhaniwa, na gharama yake ni karatasi moja na kalamu.

Wananchi wana chombo cha kudai tangazo hilo. Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaowahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, huwajibika mbele yake, pamoja na kusoma mapato na matumizi. Mkutano usipoitishwa mwaka mzima, kijiji kimepokonywa boma lake la kwanza, na hapo haijalishi sana kama boma kubwa liko Laela au Sumbawanga.

Limebaki jambo moja kuhusu Laela yenyewe, maana si haki kuutazama mji huo kama ofisi tu. Mji mdogo unapopewa makao makuu huongezeka uzito ghafla. Watumishi wanahitaji nyumba, wapangaji wanahitaji vyoo, na wafanyabiashara wanataka fremu kando ya lami. Shamba la ulezi au la maharage lililokuwa nyuma ya nyumba ya mtu linaanza kuitwa kiwanja kabla mwenyewe hajaambiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka msingi kwamba anayetwaliwa ardhi hulipwa fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Maneno hayo matatu yana uzito sawa. Fidia kamili inayolipwa baada ya miaka mingi imekwisha kupoteza ukamilifu wake, kwa kuwa bei ya bati na ya saruji haikusubiri. Na mwenye shamba anayeuza haraka kwa mtu wa kwanza mwenye fedha taslimu, kwa hofu kwamba "Serikali itachukua bure," mara nyingi hujidhulumu mwenyewe. Angeuliza kwanza ofisi ya ardhi, ambayo kwake yeye iko umbali wa kutembea kwa miguu. Hiyo ndiyo faida ya kuwa jirani wa boma, na wakazi wa Laela wasiiache.

Uko pia wajibu kwa maji. Uwanda wa Ufipa ni paa la nyumba yenye pande mbili. Mvua inayonyesha upande mmoja huteremka kupitia Mto Kalambo na kuanguka zaidi ya mita 200 kwenye maporomoko yake kabla ya kufika Ziwa Tanganyika. Inayonyesha upande mwingine hushuka kwenda Ziwa Rukwa. Vijito vya uwanda wa juu ni vidogo kwa macho, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Bustani za bondeni mwa kijito huwapa watu mboga wakati wa kiangazi, na hakuna anayetaka kuwanyima riziki hiyo. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na mji unaokua una kishawishi kikubwa cha kujenga hapo hapo, kwa kuwa ndipo penye ardhi ya bei nafuu na maji ya kufyatulia matofali. Mji wa makao makuu ukichafua na kukausha vijito vyake, wanaoteremkiwa ni wale wale wa bondeni, ambao tayari wamepewa mlima wa kupanda.

Masika huanza kuziharibu njia za ukingo kabla hayajaharibu kitu kingine chochote. Kwa hiyo kwa kata za bondeni, miezi ya kiangazi ndiyo ya kumaliza kazi za karatasi: maombi ya hati za kimila yakusanywe kijiji kwa kijiji, vikundi visajiliwe, mihtasari ya mikutano iandikwe na kupelekwa na mtendaji mmoja kwa safari moja. Diwani anaporudi kutoka Baraza la Madiwani, aulizwe kwenye mkutano wa hadhara ni lini wataalamu wa ardhi, wa maendeleo ya jamii na wa kilimo watashuka Muze, Ilemba na Kaoze kwa siku zilizopangwa na kutangazwa mapema, ili meza ya Laela ishuke mlimani mara chache kwa mwaka badala ya maelfu ya watu kuupanda. Gari moja la halmashauri linaweza kubeba wataalamu watano. Njia ya Ntendo hadi Muze ni ile ile kwa anayeshuka na kwa anayepanda.